Tovuti ya Chuo na Mkwe Nisiyemtazama

Mimi ni mtoto wa ufukweni mwa ziwa. Kwetu ni Wakisi, mama yangu anafinyanga vyungu, na nilikulia kwenye nyumba ambayo mtu akikukera unamwambia hapo hapo, halafu mnakula. Sasa niolewe Ngana, huku Kyela, kwenye mpunga na kakao, kwa Wanyakyusa wenye utaratibu wao! Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa baba mkwe.

Mkwe hatazamwi. Mama mkwe alinifundisha hilo wiki ya kwanza, karibu kabla hajanionyesha choo kilipo. Baba mkwe akija njiani, unaingia kwenye migomba mpaka apite. Akiwa sebuleni, wewe uko jikoni. Humpi kitu mkononi, husemi naye, jina lake hulitamki. Wenyewe wanaita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Wengi wa rika langu wameshalegeza, wanapeana mikono na wakwe zao kanisani bila wasiwasi. Nyumba yetu haikulegeza. Baba mkwe ni mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, na mtu aliyefundisha darasa la tatu karibu maisha yake yote haachi kanuni eti kwa sababu watu wamechoka kuifuata.

Halafu presha ya macho ikamnyang'anya macho. Ilikuja taratibu, jicho moja kisha la pili, hospitali hii mpaka ile, hadi akasema tusihangaike tena. Mimi kwa ujinga wangu nikamuuliza mama mkwe kama sasa utaratibu umekwisha, maana unajifichaje kwa mtu asiyeona? Akaniangalia kwa huruma.

"Mkamwana, asiyeona ni yeye. Wewe macho yako yamefanya nini?"

Basi nikaendelea kujificha kwa mtu asiyeniona. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: yeye ndiye alikuwa ananisaidia. Alijua mlio wa kandambili zangu, na nikikaribia anakohoa ili nipate nafasi ya kugeuka. Tuliishi hivyo kwa amani kabisa. Uso wake sikuujua. Siku ya harusi niliinamisha kichwa kama nilivyoambiwa, na baada ya hapo nilichokijua ni kisogo na koti la kahawia.

Kazi yangu ni kushughulikia tovuti ya chuo kikuu. Sitakitaja, bado nahitaji mshahara. Kinafundisha watu wakiwa makwao, wamesambaa nchi nzima, na kila kitu kinapitia kwenye tovuti: kuomba nafasi, kusoma, kutuma kazi, kupata matokeo. Mimi nafanyia kazi Ngana, jikoni, kwa sababu mume wangu yuko Kasumulu, mpakani na Malawi, anawatolea watu mizigo forodhani, na kwa sababu bando halijui kama uko ofisini au unachochea maharage. Sasa likatoka agizo kwamba tovuti iweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Mkuu wangu wa kitengo akanipigia, furaha tele.

"Dada, weka kile kialama cha kiti cha magurudumu pale juu kulia. Kionekane vizuri."

"Kikibonyezwa kifanye nini, mkuu?"

"Kifanye nini tena? Kionekane tu!"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilikata simu nikacheka, kisha nikakasirika, kisha nikafanya kazi kwa hasira, maana hasira ndiyo inayonipa kasi. Nikaongeza ukubwa wa maandishi, nikarekebisha rangi, nikapitisha tovuti nzima kwenye programu ya kupima. Ikanipa alama ya kijani. Nikajiona fundi kweli kweli, nikajipikia chai ya maziwa.

Jioni ile ile mume wangu akaja na habari kwamba baba yake anataka kusoma chuo chetu. Sheria. Nilidhani ni utani.

"Sheria ya nini jamani, na umri ule?"

"Anasema Kyela hii kila mpaka wa shamba la mpunga una kesi, na wanaoshindwa ni wale wasiojua kusoma hati. Anataka awe anawasomea."

"Atawasomeaje?"

"Hilo alinijibu kabla sijauliza. Simu itamsomea yeye, na yeye atawaeleza."

Alikuwa na simu ambayo ukipitisha kidole inakutajia kila kilichoko kwenye kioo. Mjukuu wa dada yake alimfundisha, na alikuwa ameizoea kuliko mimi nilivyozoea ya kwangu. Mume wangu alijitolea amjazie maombi, dakika kumi tu, wamalize. Mzee akakataa katakata.

"Utanijazia maombi, na mtihani utanifanyia? Masomo yote yako humo humo ndani. Kama siwezi kuingia mlangoni kwa miguu yangu, huko ndani nitatembeaje? Nikishindwa kuomba mwenyewe, siombi."

Na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Nilimjua vya kutosha kupitia ukutani. Akisema haombi, haombi, na mwakani hatauliza tena. Ndoto ya mtu ya miaka yote ilikuwa imekaa juu ya kazi yangu ya alama ya kijani, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Tulijipanga hivi. Baba mkwe alikaa barazani nyuma ya nyumba, na simu yake. Mimi nilikaa jikoni na kompyuta yangu, ukuta wa tofali katikati yetu na kidirisha cha wavu juu ya kichwa changu. Mama mkwe alikuwa uani anageuza kakao kwenye mikeka, ili ikauke kabla mvua haijakumbuka kwamba hii ni Kyela. Maneno yote yalipitia kwake. Yeye alimwambia mumewe, mumewe alimjibu, yeye akaniletea, na kila neno lilifika limeongezwa chumvi.

Simu ikaanza kusoma ukurasa wetu. Weee! Nilitamani ardhi ipasuke. Kwanza ilisoma Kiswahili chetu kwa lafudhi ya Kiingereza, kama mzungu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile, kwa sababu aliyejenga ukurasa ule mwanzoni alisahau kuuambia kuwa ni wa Kiswahili. Halafu ikaendelea: "Picha. Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa. Bonyeza hapa."

Ndipo nikasikia sauti ya mwalimu, ya upole, ikimuuliza mkewe: "Hapa ni wapi?"

Mama mkwe akageukia dirisha langu. "Mwalimu anauliza hapa ni wapi. Anasema aliyeandika hivi hajawahi kuandika insha."

"Mimi sikusema hivyo," sauti ikatoka barazani.

"Ulikuwa unakaribia kusema."

Angekuwa mtu mwingine, ningemwendea, ningesema ngoja nikuonyeshe, nimshike kidole nikipeleke kwenye kitufe, na yeye angeshukuru na tungeona tumemaliza. Kwa mkwe huthubutu. Sikuwa na la kufanya ila kukaa nyuma ya ukuta na kusikiliza tovuti yangu bila kuona anachokigusa, mpaka nikaelewa kila "kitufe" kilikuwa kimemfungia mlango usoni. Nikaanza kurekebisha. Kila nilipomaliza kimoja nilimwambia mama mkwe, naye anapaza sauti: "Jaribu tena, amekitia jina!"

Adui yangu mkubwa zilikuwa zile picha zinazojiendesha zenyewe juu ya ukurasa: viongozi, mahafali, viongozi tena. Kila zilipobadilika, simu ya baba mkwe iliacha alichokuwa anasoma ikarukia juu kutangaza mahafali. Alikuwa katikati ya sifa za kujiunga, mara "Picha ya mahafali." Anarudi chini kwa subira, mara "Picha ya mahafali."

"Mwambie," nikamsikia, "nimeshawapongeza waliohitimu. Sasa waniruhusu nipite."

Nikaziondoa. Mkuu wangu akapiga simu analalamika tovuti imepoa, haina uhai. Nikamwambia uhai uliokuwemo ulikuwa wa mbu. Na hapo hapo, kwa vile nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikatuma agizo ofisi nzima: hakuna picha inayoingia kwenye tovuti bila maelezo ya maneno, yanayomwambia asiyeona kuna nini pale. Mtu wa habari akaniletea "Picha nzuri ya viongozi wetu wapendwa." Nikairudisha, nikampigia simu nikamfokea. Nani, yuko wapi, anafanya nini, anaonekanaje? Uzuri ataamua msikilizaji. Walinichukia wiki nzima.

Siku ya tarehe ya kuzaliwa ndiyo iliyonichekesha zaidi. Kalenda yetu ilifunguka kwenye mwezi wa leo, na ili ufike ulikozaliwa ilibidi ubonyeze "mwezi uliopita." Kijana wa miaka kumi na tisa anavumilia. Baba mkwe kazaliwa wakati meli ziwani zilikuwa zinang'oa nanga bandari ya Itungi na kwenda kusini kila mara. Nilimsikia anabonyeza. Anabonyeza. Simu inataja mwezi baada ya mwezi, na yeye anarudi nyuma kwenye maisha yake kwa kidole kimoja.

"Hapa nimestaafu," akamwambia mkewe. Akabonyeza. "Hapa mto Songwe ulifurika tukavuna mpunga kwa mtumbwi." Akabonyeza muda mrefu. "Hapa mume wa huyo aliyeko jikoni anazaliwa."

"Kwa shida sana," mama mkwe akasema huku akigeuza kakao.

"Hapa nakuona wewe mara ya kwanza. Umebeba ndizi."

"Ilikuwa mihogo."

"Ndizi."

Wakabishana hapo mpaka mfumo ukachoka kusubiri ukamtoa nje, aanze upya. Nilicheka nikaziba mdomo na kanga, maana binti mkwe hacheki mkwe akasikia. Usiku huo huo kalenda ikatoka, nikaweka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Kesho yake alijaza mara moja, kisha akamwambia mkewe kwamba ile njia ndefu ilikuwa na faida zake.

Palikuwa na suala la jina pia. Mimi silitamki, lakini simu haijaolewa Ngana. Ilipofika kwenye jina la mwombaji ilimtaja mkwe wangu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Kulisikia jina si kosa, lakini mama mkwe alijiongezea masharti: kila simu ilipokaribia pale alipiga beseni la kakao kwa mti, paa, ili lisinifikie. Nilifanya kazi kwenye mlio wa ngoma. Mkuu wangu akanisikia kwenye simu.

"Dada, kuna sherehe?"

"Najaribu tovuti."

"Anayekujaribia anaitwa nani, nimuweke kwenye ripoti?"

"Siwezi kumtaja."

"Ni siri ya serikali?"

"Ni mkwe."

Yeye si mtu wa kwetu. Aliandika "mjaribu hakutaka kutajwa."

Kufikia Alhamisi tulikuwa tumeondoa hata ule mtihani wa kuthibitisha kuwa wewe si roboti. Ulikuwa unakutaka uchague picha zenye taa za barabarani. Baba mkwe aliomba ufafanuzi: Ngana nzima haina taa hizo, na yeye haoni, sasa athibitishe ubinadamu wake kwa njia gani? Nikaweka hesabu ndogo ya kujumlisha. Akaijibu kabla simu haijamaliza kuisoma, na nikasikia fahari ya mwalimu pale pale kwenye pumzi yake. Ikabaki picha ya mwombaji na kitufe cha mwisho, Wasilisha. Akasema hayo atayafanya Ijumaa saa tisa, akishaoga na kusali, maana mtu haendi chuo kikuu na jasho.

Ijumaa nikajikalia jikoni tangu mchana, mwanangu mchanga amelala mgongoni. Saa tisa ikafika, barazani kimya. Saa tisa na nusu, kimya. Nikamsikia akikohoa, akivuta kiti, akiimba wimbo wa kanisani kwa kunong'ona. Alikuwa tayari, ameoga, na hagusi simu! Mama mkwe alikuwa shambani. Mimi siwezi kumsemesha. Nikazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikafikiri labda ameghairi. Nikafikiri labda amechoka na vitufe vyetu, na sina haki ya kumlaumu. Roho iliniuma kuliko nilivyotegemea, maana hapo ndipo nilipogundua kwamba nampenda yule mzee nisiyemjua uso.

Mama mkwe akaingia uani na kapu la kakao saa kumi kasorobo. "Mmemaliza?"

"Hata hajaanza, mama! Muulize anangoja nini!"

Akamuuliza. Jibu likaja kwa utulivu mkubwa: "Nangoja saa tisa. Zimebaki dakika chache."

"Saa tisa ya wapi?" mama mkwe akauliza.

Kila mtu wa huku mpakani anajua, na sisi sote tulisahau. Mvua ya asubuhi ilikuwa imezima mnara wa mtandao anaotumia baba mkwe, si ninaotumia mimi, simu yake ikadaka mnara wa ng'ambo ya Songwe, na ikahamia Malawi bila pasipoti. Malawi wako nyuma yetu saa nzima. Kasumulu watu hutembea na saa mbili kichwani, na wakikupangia miadi wanakuuliza ya upande gani. Mwenye macho angetupia jicho lile jina la mtandao juu ya kioo. Yeye alikuwa anaiuliza simu saa, na simu ikamjibu kwa heshima zote saa ya nchi jirani.

"Mwe!" mama mkwe akaita. "Mwalimu, uko Malawi! Rudi nyumbani!"

Nikasikia kiti kikisogea kwa kishindo. Nilikuwa nimeweka sauti ya kumwongoza mtu anayejipiga picha, na sasa ilianza kufanya kazi: "Sogeza simu juu. Juu kidogo. Kushoto. Uso uko katikati. Tulia." Kamera ikalia. Alikuwa amejipiga picha mwenyewe, bila mkono wa mtu. Nikaruka pale nilipokaa, mtoto akaamka.

Ukafunguka ukurasa wa mwisho, unaoonyesha kila kitu kabla ya kuwasilisha. Simu ikamsomea jina, beseni likalia, ikasoma tarehe, shule, kozi. Kisha ikasema: "Picha."

Akasimama hapo.

"Picha gani?" akauliza.

"Yako, Mwalimu," mama mkwe akasema. "Bonyeza, muda unakwisha."

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Wewe hata ingetoka ya mbuzi ungesema nzuri." Sauti yake haikuwa ya utani. "Sijajiona muda mrefu. Uso unaokwenda chuoni siujui. Si huyo wa jikoni aliyesema kila picha iwe na maelezo, na uzuri aamue msikilizaji? Ya kwangu iko wapi?"

Alikuwa ameyasikia yote niliyomfokea yule mtu wa habari. Na alikuwa na haki. Mtu angetiaje sahihi kitu asichojua kina nini? Lakini wa kuandika alikuwa nani? Mume wangu yuko Kasumulu. Mama mkwe hata kuandika ujumbe wa simu hajawahi. Picha ilikuwa imeshaingia kwenye mfumo, ipo kwenye kompyuta yangu, nibonyeze tu mara moja nione.

"Mama," nikasema, "mimi nitamtazamaje mkwe?"

Mama mkwe akaweka kapu chini, akaja mpaka kidirishani. Alifikiri, na mwanamke yule hafikirii kwa kawaida, huamua tu.

"Picha haikohoi," akasema. "Tazama."

Nikatazama. Sijui nilitegemea nini, labda mtu mkali. Nilikuwa nimemwogopa miaka yote kwa mwili mzima, na pale mbele yangu alikuwa mtu mwembamba, amechana nywele zake kwa maji, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingo ikabanwa, anajitahidi kutulia kwa ajili ya sauti ya simu. Na tabasamu lile nilikuwa nalijua. Ni la mume wangu akiwa ameficha jambo. Nililia, sifichi. Nililia huku naandika, maana saa kumi haikuwa mbali, na ndani ya dakika zile nilitakiwa kumwambia mtu uso wake.

Nikaandika, nikahifadhi, nikamwambia mama mkwe amwambie ajaribu tena. Simu ikasoma, kwa Kiswahili kizuri kisicho na mzungu ndani yake:

"Picha. Mzee mwenye mvi na ndevu fupi nyeupe. Amevaa koti la kahawia na shati jeupe lililofungwa vifungo vyote. Paji la uso ni pana, mashavu yamebonyea kidogo. Macho yamefumbuka, yanatazama juu ya kamera. Mdomo umefumbwa, lakini upande wa kushoto unatabasamu."

Nikasubiri. Ukuta ule sasa ulinikera kuliko siku zote. Sikuona kitu, na sauti haikuja.

"Mama, anafanya nini?"

"Amekaa."

"Hapana, nieleze vizuri. Anafanya nini?"

Mama mkwe akaanza kunisimulia polepole. "Ameweka simu mapajani. Anajishika uso. Amegusa ndevu. Sasa amefika mdomoni, upande wa kushoto. Anautafuta kwa kidole."

Kisha nikamsikia baba mkwe akijisafisha koo, ile ya mwalimu anayerudisha madaftari. "Mwambie ameandika vizuri. Kosa ni moja. Akianza na 'mzee,' huko chuoni watanipa kiti, hawatanipa swali. Aandike 'mwombaji.'"

Jamani! Dakika zinateketea, yeye anasahihisha insha! Nikafuta "mzee", nikaandika "mwombaji," nikahifadhi, mtandao ukazunguka, ukazunguka, nikautukana kwa Kikisi, ukakubali. Simu ikasoma maelezo yote upya kuanzia mwanzo, na hakuiruhusu kuruka hata neno. Nikasikia kidole kikigonga kioo mara mbili.

"Ombi lako limepokelewa," simu ikasema.

Mama mkwe akapiga vigelegele, beseni likapigwa kwa sababu nyingine kabisa, kuku wakatawanyika juu ya kakao. Mimi nikakaa chini sakafuni karibu na jiko. Barazani simu ikaanza kusoma tena. Nilidhani anarudia ule ujumbe wa kupokelewa, kila mtu hurudia ule. Hakuwa anarudia huo. Alikuwa amerudi kwenye picha. "Mwombaji mwenye mvi na ndevu fupi nyeupe," simu ikasema, na ilipomaliza, akairudisha mwanzo.

"Mama," nikauliza, "sasa anafanya nini?"

"Anatabasamu," akasema. "Upande ule ule ulioandika."